Karata za Marseille: Mchezo wa Kundi na Swali la Mtunzi

1. Utangulizi

Kila mwanafunzi wa chuo anaijua kazi ya kundi. Mnapangwa watu sita, mnapewa mada, na siku ya kukusanya karatasi ina majina sita juu yake. Lakini ukweli mnaujua wenyewe: walioandika ni wawili, wa tatu alipiga chapa, wa nne alileta chai, na waliobaki walileta majina yao tu. Alama zikitoka, wote sita mnapata B. Hapo ndipo maneno yanapoanza chini ya mwembe: hivi kazi hii ni ya nani?

Swali hilo la bwenini ni swali la uhakiki pia. Tunapochambua riwaya au tamthiliya huanza na maneno yale yale: "mtunzi anatuambia", "mtunzi anakusudia". Tumezoea kumtafuta mtu mmoja nyuma ya kazi, tujue alizaliwa wapi, alisoma nini, ana msimamo gani. Sasa ikiwa kazi imetungwa na watu wanane, na hata sehemu ya kila mmoja wamepangiana kwa kura, tutamtafuta nani?

Makala haya yananuia kulijadili suala hilo kwa mfano mmoja, yaani seti ya karata iliyochorwa na wasanii wakimbizi mjini Marseille, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1940 hadi 1941. Msomaji anaweza kuuliza: uchoraji unaingiaje katika jarida la fasihi? Unaingia kwa sababu mchezo wenyewe ulianza na maneno, viongozi wake walikuwa washairi, na mwisho wa safari yao unatufikisha kwa Aimé Césaire, ambaye wanafunzi wa fasihi ya Afrika hawamkwepi. Hoja yangu ni kwamba katika mchezo wa kundi sheria hutunga sehemu kubwa ya kazi. Lakini mhakiki akiishia kwenye sheria, akasahau kuuliza yaliyowapata wachezaji, atakuwa ameisoma nusu tu.

2. Karatasi iliyokunjwa

Mwaka 1924 mshairi André Breton alitoa mjini Paris ilani ya kikundi kilichojiita wasurealisti. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Breton alikuwa mwanafunzi wa udaktari na aliwahudumia askari waliochanganyikiwa akili. Yeye na wenzake waliona kwamba akili ile inayojisifu kupanga na kupima kila kitu ndiyo iliyowapeleka vijana wa Ulaya kufia mahandakini. Basi wakatafuta chemchemi nyingine ya sanaa: ndoto, bahati, na neno linalomtoka mtu kabla hajalichuja.

Mnamo mwaka 1925, katika nyumba namba 54 ya barabara ya rue du Château walikokuwa wakiishi Jacques Prévert, Yves Tanguy na Marcel Duhamel, vijana hao walianza mchezo wa barazani. Mtu wa kwanza anaandika nomino, anakunja karatasi ili isionekane, anampa mwenzake. Wa pili anaandika kivumishi, anakunja. Wa tatu kitenzi, na kuendelea. Mwishoni karatasi inafunguliwa na sentensi inasomwa. Waliuita cadavre exquis, yaani "maiti mtanashati", kutokana na maneno yaliyoanza sentensi mojawapo ya mwanzo kabisa.

Haukupita muda wakahamia kwenye picha. Wa kwanza anachora kichwa, anakunja, anaacha vistari viwili tu vikichungulia ng'ambo ya mkunjo ili mwenzake ajue pa kuunganishia. Wa pili anachora kiwiliwili, wa tatu miguu. Mwezi Oktoba 1927 baadhi ya matunda ya mchezo huo yalichapishwa katika jarida lao, La Révolution surréaliste.

Wiki chache zilizopita, umeme ulipokatika bwenini, tulijaribu wanne kwa tochi ya simu. Tulipofungua karatasi tukakuta kichwa cha jogoo, kifua cha askari mwenye medali, tumbo ambalo ni sufuria, na miguu ya kitanda cha chuma. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ila nilipoitazama tena asubuhi niligundua jambo: hakuna hata mmoja wetu ambaye angeweza kuichora peke yake. Mimi niliyechora jogoo nilikuwa nachora jogoo tu. Kejeli dhidi ya askari ilizaliwa penye mkunjo, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya kusema kwamba sheria inatunga. Mkunjo ni sheria ndogo tu, lakini unamnyima kila mchezaji uwezo wa kuitawala kazi nzima. Tusidhani kwamba kutunga kwa pamoja ni kitu kigeni kwetu. Washairi wa Kiswahili wamelumbana kwa vizazi, wakafumbiana na kufumbuliana, hata katika kurasa za gazeti la Mambo Leo. Kwetu pia sheria ndiyo mshenga: anayejibu hufuata bahari na mara nyingi vina vya aliyeanza. Tofauti ni kwamba katika malumbano kila mmoja anaona alichosema mwenzake, na kila shairi lina jina chini yake. Malumbano yanawakutanisha watunzi wawili wanaojulikana, ilhali karatasi iliyokunjwa inazaa mtunzi wa tatu asiye na jina.

3. Nyenzo zinapobadilika

Kikundi hiki hakikubadilisha namna ya kushirikiana tu. Kilibadilisha pia nyenzo, na kwa sababu ile ile: kuunyang'anya mkono uliofundishwa mamlaka yake.

Mwezi Agosti 1925 mchoraji Mjerumani Max Ernst alikuwa katika hoteli ya mji wa Pornic, pwani ya Ufaransa. Akavutwa na mistari ya mbao za sakafu zilizochakaa. Akatandika karatasi juu yake na kusugua penseli, kama mtoto anavyosugua penseli juu ya karatasi iliyofunika shilingi. Ikajitokeza misitu, ndege na wanyama, akavifuata na kuvikamilisha. Mwaka 1926 alitoa mkusanyo wa kazi hizo, Histoire naturelle.

Katikati ya miaka ya 1930 Óscar Domínguez, mzaliwa wa visiwa vya Canary, alileta mbinu nyingine. Paka rangi nyeusi ya maji, nzito, juu ya karatasi laini. Gandamiza karatasi ya pili juu yake, kisha ibandue taratibu. Rangi inavutika na kujikunjakunja, inatokea miamba, mapango na matumbawe ambayo hakuna aliyeyakusudia. Raha yake ni kwamba asiyejua kuchora kabisa, mshairi kama Breton, anaweza kukaa meza moja na mchoraji na wakalingana.

Tukitumia istilahi tulizozoea, hapa fani inakataa kuwa chombo cha kubebea maudhui yaliyokwisha kufikiriwa. Nyenzo inatoa pendekezo, msanii anajibu. Kwa hiyo hata msanii anayefanya kazi peke yake na ubao wa sakafu tayari yumo katika kundi la watu wawili, mmoja wao akiwa ubao.

4. Nyumba ya kungoja viza

Mpaka hapo mtu anaweza kusema: huo ni mchezo wa vijana wa Paris walioshiba. Shutuma hiyo ina uzito. Ila tazama mchezo huo huo ulipochezwa pasipokuwa na shibe.

Mwezi Juni 1940 Ufaransa ilishindwa na Ujerumani. Kifungu cha 19 cha mkataba wa kusitisha vita kiliilazimu serikali ya Ufaransa, iliyohamia Vichy, kumkabidhi Mjerumani yeyote ambaye utawala wa Hitler ungemtaka. Mwezi Oktoba mwaka huo Vichy ikatunga sheria dhidi ya Wayahudi, ikiwemo iliyoruhusu Wayahudi wa kigeni kufungwa kambini. Waandishi, wachoraji na wanasiasa wakakimbilia Marseille, bandari kubwa ya eneo ambalo Wajerumani walikuwa bado hawajalikalia, kutafuta meli na viza.

Mwezi Agosti 1940 alifika huko Mmarekani Varian Fry, aliyetumwa na kamati ya uokoaji ya New York. Alikuja na orodha ya watu wapatao 200 na dola 3,000 alizozifunga mguuni. Wenzake wakapanga nyumba kubwa nje kidogo ya mji, Villa Air-Bel. Humo waliishi Breton, mkewe mchoraji Jacqueline Lamba, binti yao mdogo Aube, na mwandishi Victor Serge, ambaye aliipa nyumba hiyo jina la utani la kasri la kungoja viza. Chakula kilikuwa haba na kuni haba. Mwezi Desemba, Marshal Pétain alipozuru Marseille, polisi waliwazoa Breton, Fry na wengine na kuwashikilia melini bandarini kwa siku kadhaa, ziara ipite kwa utulivu.

Jumapili wasanii waliotawanyika mjini walikuja Air-Bel. Walitundika picha kwenye miti, wakauziana kwa mnada wa mzaha, wakachora kwa zamu kwenye karatasi moja. Wakati wa kungoja ndio wakabuni changamoto kubwa kuliko zote: kutengeneza seti mpya ya karata.

5. Karata kumi na sita

Marseille ulikuwa mji wenye historia ndefu ya kutengeneza karata, hata karata maarufu za kupigia ramli za tarot zimebeba jina lake. Wala fikra ya kubadili sura za karata haikuwa ngeni Ufaransa. Wakati wa Mapinduzi, mwaka 1793, zilitengenezwa karata zisizo na wafalme. Maana karata, tukizitazama vizuri, ni mchoro wa jamii: mfalme juu, malkia pembeni yake, ghulamu chini yao. Si ajabu kwamba kamusi za zamani za Kiswahili zinaziita karata za sura "mzungu". Mchezaji wa pwani alitazama zile nyuso akaona wazi picha ni ya nani.

Wasanii wa Air-Bel waliziondoa kopa, uru, shupaza na pau. Badala yake wakaweka Mwali wa moto, alama ya mapenzi. Nyota nyeusi, alama ya ndoto. Gurudumu lenye damu, alama ya mapinduzi. Na Kufuli, alama ya maarifa. Mfalme, malkia na ghulamu wakavuliwa vyeo, na pahala pao wakakaa Jini, Nguva na Mganga. Kila aina ikapata na ree yake. Nne mara nne, karata kumi na sita. Jokari akawa Ubu, mfalme mpumbavu wa tamthiliya ya Alfred Jarry.

Nani sasa apewe nafasi hizo? Walijadiliana na kuchagua watu waliowaheshimu, wengine wa kweli, wengine wa vitabuni. Upande wa mapenzi walikaa Baudelaire, Novalis na mtawa wa Kireno aliyetajwa kuwa mwandishi wa barua mashuhuri za mapenzi. Upande wa ndoto Lautréamont, Freud na Alice, yule msichana wa hadithi ya Lewis Carroll. Upande wa mapinduzi Sade, Pancho Villa wa Mexico na Lamiel wa riwaya ya Stendhal. Upande wa maarifa Hegel, tabibu Paracelsus na Hélène Smith, mpiga ramli wa Geneva aliyedai kuandika lugha ya sayari ya Mirihi. Hiyo ni orodha ya vitabu vya kozi, msomaji! Ni silabasi iliyotungwa na wakimbizi.

Nani achore nani iliamuliwa kwa kura, karata mbilimbili kwa kila mtu. Lamba akamchora Baudelaire na Gurudumu. Wifredo Lam wa Cuba akapata Alice na Lautréamont. Domínguez akapata Freud. Jacques Hérold akapata Sade na Lamiel. Ernst akamchora Pancho Villa. Victor Brauner akapata Hegel na Hélène Smith, André Masson akapata Novalis na yule mtawa, na Breton mwenyewe, mshairi, akashika brashi akamchora Paracelsus. Walitumia walichokuwa nacho: wino, penseli za rangi, rangi ya maji, karatasi ndogo.

Kuna jambo moja kuhusu meza ile ambalo haliwezi kupitwa kimya. Mwaka 1938 mjini Paris, katika ugomvi wa ulevi, Domínguez alirusha gilasi, ikampiga Brauner aliyekuwa akijaribu kuamua, ikamtoa jicho la kushoto. Miaka miwili baadaye aliyetoa jicho na aliyetolewa wanashiriki mchezo mmoja, kwa kura moja. Sijui ni nadharia gani ya uhakiki inayoweza kulieleza hilo. Lakini najua kwamba kura ina adili yake: haiulizi nani ni mkubwa, nani anamdai nani.

6. Kura nyingine

Tatizo ni kwamba kulikuwa na kura ya pili, na hiyo haikuwa na adili lolote. Ilikuwa kura ya ubalozi.

Ili upate viza ya Marekani ulihitaji mdhamini, fedha, jina linalojulikana New York, na pasipoti ambayo maofisa hawaikunjii uso. Mwishoni mwa Machi 1941 Breton, Lamba, Aube na Lam walipanda meli Capitaine Paul-Lemerle kuelekea kisiwa cha Martinique. Masson naye akaondoka. Ernst akafika Marekani mwaka huo huo. Lakini Brauner na Hérold, wote wawili Wayahudi wazaliwa wa Romania, hawakupata nafasi. Walibaki Ufaransa wakijificha mpaka vita vilipokwisha. Fry mwenyewe alifukuzwa nchini mwaka 1941.

Ukizitazama karata tu, wachezaji wote ni sawa, mbilimbili. Ukitazama meli, sivyo. Na hapa suala la nyenzo linarudi kwa sura nyingine. Brauner, mafichoni kwenye milima ya Alps, hakuwa na rangi za mafuta wala pa kuzinunua. Akaanza kuchora kwa nta ya mshumaa, akiikwaruza na kuitia wino. Mbinu hiyo ikawa sehemu ya mtindo wake hata baada ya vita. Kule Pornic Ernst alibadilisha nyenzo kwa hiari, akitafuta mshangao. Brauner alibadilisha kwa sababu hakuwa na nyingine. Tukiita zote mbili "majaribio ya kifani" bila kuongeza neno, tutakuwa tunadanganya.

Lipo na jambo la uchapishaji. Mwezi Machi 1943 karata zilitolewa New York katika jarida la VVV. Ili zifanane, Frédéric Delanglade, aliyekuwa nao Marseille, alikuwa amezichora zote upya kwa mkono mmoja. Ni kazi safi, inachezeka. Ila mkono mzito wa huyu na mkono mwepesi wa yule umesawazishwa, kama karatasi ya kundi inavyosawazishwa na yule mmoja anayepiga chapa. Michoro ya asili imehifadhiwa Marseille, katika jumba la makumbusho la Cantini. Mhakiki anayefanyia kazi toleo lililochapishwa anasoma umoja ambao mezani haukuwepo. Naye Lamba, aliyechora ree ya mapinduzi, kwa miaka mingi alitajwa zaidi kama mke wa Breton kuliko kama mchoraji.

7. Meli ilipofika

Meli ilitia nanga Martinique mwezi Aprili 1941, na huko pia abiria waliwekwa kambini kwanza. Breton alipoachiwa kutembea mjini Fort-de-France aliingia duka la vitu vya cherehani kumtafutia binti yake utepe. Dukani akakuta jarida jipya, Tropiques. Akalifungua, akamsoma Césaire. Hakuwa akimjua. Kwa mwenye duka kulikuwa na undugu na mhariri mmojawapo, na hivyo wakakutana.

Baadhi yetu tulifundishwa kana kwamba Breton "alimgundua" Césaire. La hasha. Utenzi wake mkuu wa kurejea nyumbani ulikuwa umeshachapishwa Paris mwaka 1939, na Tropiques ilikuwa tayari mezani kabla meli haijafika. Aliyegundua kitu ni mgeni.

Kwa Lam mambo yalikwenda mbali zaidi. Baba yake alikuwa Mchina, mama yake mwenye asili ya Afrika na Hispania. Alirudi Cuba baada ya miaka mingi Ulaya, na mwaka 1943 utenzi wa Césaire ulipotoka Havana kwa Kihispania, katika tafsiri ya Lydia Cabrera, michoro ilikuwa ya Lam. Mwaka huo huo alikamilisha La jungla, picha yenye urefu na upana wa zaidi ya meta mbili, ambayo ilichorwa juu ya karatasi iliyobandikwa kwenye turubai. Humo viungo vya binadamu, nyuso kama vinyago na mashina ya miwa vimeungana bila kuonyesha pa kuungia. Mimi nikiitazama naiona ile karatasi iliyokunjwa: kichwa cha huyu, mguu wa yule. Lakini mkunjo sasa ni wa historia, shamba la miwa ambako watu wa Afrika walikatwa na kuungwa upya kwa nguvu. Mchezo wa barazani umepata maudhui ambayo vijana wa rue du Château hawakuwa nayo.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, sheria ya mchezo, iwe mkunjo au kura, ni mtunzi kwa namna yake, na mhakiki anapaswa kuichambua kama anavyochambua vina na mizani. Pili, nyenzo si pambo: penseli juu ya sakafu, rangi iliyobanduliwa na nta ya mshumaa zote zinasema kitu kuhusu uhuru au ufinyu wa aliyezitumia. Tatu, usawa wa mezani hautoshi. Tuulize pia nani alipanda meli.

Narudi kwenye B yetu ya watu sita. Siku hizi nikiona karatasi ya kundi siulizi tena kwa hasira ni ya nani. Nauliza mlikunja wapi, nani alipangiwa nini, nani aliisawazisha mwishoni, na nani alikuwa anasoma kwa tochi wakati wenzake wana taa. Majibu ya maswali hayo hayawezi kuonekana kwenye jalada. Yanastahili kuandikwa, hata kama alama ni ile ile.